Kitabu, Damu na Wasikilizaji: Suala la Uwezo katika Uigizaji wa Msihiri

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa wahusika katika fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza mhusika anawakilisha nini: tabaka, jinsia, kizazi au itikadi. Lipo swali jingine linalostahili kuulizwa sambamba na hilo. Mhusika anaposemekana kuwa na uwezo usio wa kawaida, uwezo huo amepewa na nani? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuanzia mahali ambapo wahakiki wa fasihi hawana desturi ya kuanzia, yaani kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wa kubuni, na hasa uhusika wa msihiri katika michezo hiyo.

Mchezo wa aina hii huchezwa na watu wachache walioketi pamoja. Mmoja wao ni msimamizi: husimulia ulimwengu wa hadithi, huwasemea wahusika wadogo na huamua matokeo. Kila mmoja wa waliobaki huigiza mhusika mmoja kwa maneno, na sifa za mhusika huyo huwa zimeandikwa katika karatasi iliyo mbele yake. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Hakuna jukwaa wala maleba, na hadhira ni wachezaji wenyewe. Mchezo wa kwanza kuchapishwa kwa utaratibu huu, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika wa sihiri alikuwamo tangu toleo hilo la kwanza, pamoja na mpiganaji na kasisi.

Ili mjadala usielee hewani, umewekwa mahali maalumu: Sigor ya Chepalungu, katika Bomet, kusini mwa nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. (Isichanganywe na Sigor ya Pokot Magharibi.) Mahali hapa panafaa kwa sababu mbili. Ni nchi ya Wakipsigis, jamii iliyokuwa na kiongozi wa kiroho aitwaye orkoiyot. Pia ni nchi ambayo serikali ya kikoloni iliwahi kutunga sheria kuhusu chanzo cha uwezo wa kiongozi huyo, na sheria hiyo ikaumiza watu. Hoja kuu ya makala ni kwamba uwezo wa msihiri waweza kufikiriwa kuwa umo katika kitabu, katika damu, au katika wasikilizaji. Na kwamba fasihi ya Afrika Mashariki, katika kazi zake nzito, imechagua jibu la tatu.

2.0 Suala la jina

Kabla ya kuigizwa, mhusika huyu hana budi kupewa jina, na hapo ndipo tatizo la kwanza linapojitokeza. Neno linalokuja upesi ni mchawi. Lakini mchawi, katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ni mtu anayedhuru kwa siri. Hakuna ajiitaye mchawi kwa fahari. Jina hilo mtu hubandikwa na wenzake. Mganga naye hutibu, huagua na hukinga, na anaye mteja anayemjia kwa hiari yake. Wakipsigis pia hutenganisha: orkoiyot ana cheo kinachojulikana hadharani, ilhali ponindet, mwenye kudhuru kwa siri, huogopwa na kukanwa.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Mwezi Mei mwaka 2008, katika eneo la Kisii, jirani na Bomet, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto baada ya kushutumiwa kuwa wachawi. Watu hao hawakuchagua uhusika waliopewa. Mezani, mchezaji hujichagulia mhusika, huandika jina lake mwenyewe na huinuka salama mchezo unapokwisha. Mwenye kulitafsiri jina la mhusika huyu kuwa mchawi bila kusita huwa amezichanganya hali mbili zinazopingana: uhusika unaotwaliwa na uhusika unaobandikwa. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia neno msihiri, yaani mtenda sihiri, ambalo halijaelemewa na shutuma kwa kiasi hicho.

3.0 Uwezo wa kitabu

Msihiri wa michezo ya mezani, kama alivyoundwa miaka ya 1970, ni msomi. Sihiri zake zimo katika kitabu anachokibeba. Kila siku huketi akazisoma na kuziweka akilini. Akiisha kuitamka moja, hutoweka katika kumbukumbu yake mpaka aisome tena. Utaratibu huu ulichukuliwa kutoka hadithi za Jack Vance, mwandishi Mmarekani aliyetoa kitabu cha The Dying Earth mwaka 1950. Katika kanuni zilizochapishwa mwaka 1978, msihiri wa daraja la kwanza alikuwa na sihiri moja tu kwa siku. Hakuruhusiwa kuvaa deraya, na alama zake za uhai zilipatikana kwa dadu ndogo yenye nyuso nne, wakati mpiganaji alirusha yenye nyuso kumi. Kuucheza uhusika huu ni kuvumilia udhaifu kwa muda mrefu kwa tumaini la nguvu za baadaye. Mchezaji hodari hujifunza kuiweka sihiri yake moja hadi saa inayofaa, na kwa muda mwingi uliobaki hutegemea werevu na ulimi.

Msomaji wa pwani hataona ugeni mkubwa hapo. Waswahili hutofautisha waganga kwa njia ya kazi yao, na mmojawapo ni mganga wa kitabu. Huyu hupiga falaki, huandika hirizi, na hutengeneza kombe kwa kuandika maneno kwa zafarani juu ya sahani, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Elimu yake hupatikana kwa kusoma na kwa kukaa chini ya mwalimu. Kwa hiyo uwezo wa kitabu si jambo la kigeni kwa Afrika Mashariki.

Hata hivyo kuna tofauti ya msingi. Mganga wa kitabu hufanya kazi mbele ya mteja anayeamini, na jina lake hukua au hufifia kwa kadiri ya imani hiyo. Msihiri wa mezani hamhitaji anayeamini. Kanuni zikisema sihiri fulani yaunguza, itaunguza, hata kama kila mhusika aliyepo anaicheka. Uwezo wake ni mali yake binafsi, umehesabiwa na kuandikwa katika karatasi. Kifasihi, matokeo yake ni kwamba mhusika huyu ana nguvu bila kuwa na uhusiano. Anaweza kusimuliwa kutoka daraja la kwanza hadi la mwisho bila kuulizwa hata mara moja kwa nini watu wanamsikiliza.

4.0 Uwezo wa damu

Mwaka 2000 toleo la tatu la mchezo huohuo liliongeza aina ya pili ya msihiri. Huyu hahitaji kitabu. Sihiri humtoka kama kipaji cha kuzaliwa, na baadhi yao, kwa mujibu wa masimulizi ya mchezo, hudai kuwa na damu ya majoka. Kwa mchezaji huu ni uhuru: hatumii muda kuchagua mapema sihiri za siku. Lakini kwa msomaji aliye katika nchi ya Wakipsigis, wazo la uwezo unaokaa katika damu lina historia isiyo ya mchezo.

Cheo cha orkoiyot kilikuwa katika ukoo wa Talai. Miongoni mwa Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, alikuwapo Kimnyole arap Turukat, anayekumbukwa katika masimulizi kwa utabiri wa kuja kwa wageni na kwa nyoka wa chuma atoaye moshi, ambaye baadaye alieleweka kuwa reli. Mwanawe Koitalel arap Samoei aliongoza Wanandi dhidi ya Waingereza mpaka alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Mwana mwingine, Kipchomber arap Koilegen, alikwenda kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot huko.

Mwisho wa Kimnyole ndio unaohitaji kuzingatiwa. Hakuuawa na Waingereza. Aliuawa na Wanandi wenyewe, karibu mwaka 1890, walipomtupia lawama ya maafa yaliyokuwa yamewapata. Tukio hili laonyesha kwamba ukoo ulimpa mtu nafasi ya kusikilizwa, lakini haukumhakikishia kuendelea kusikilizwa. Damu ilikuwa mlango. Aliyeingia humo alipaswa kuota, kutabiri, kushauri na kubeba matokeo, na watu walioukubali uwezo wake waliweza kuukana.

Serikali ya kikoloni haikuliona hilo, au haikutaka kuliona. Sheria yake ya uchawi ya mwaka 1925 ilimhesabia hatia mtu aliyejinadi kuwa ana uwezo wa kutia watu hofu au madhara kwa uganga. Yaani ilishughulika na dai, na kwa namna fulani ilimwadhibu mwigizaji. Miaka tisa baadaye ikatungwa sheria ya kuwaondoa malaibon, kama serikali ilivyowaita orkoiik kwa kuazima neno la Wamaasai. Sheria hiyo ya 1934 haikungoja mtu ajinadi. Watalai wa Kipsigis walihamishwa na jamaa zao, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbu na ndorobo. Mtoto mchanga, ambaye hakuwahi kutabiri chochote, alihesabiwa kuwa na uwezo uleule wa babu yake. Waliorudi katika miaka ya kuelekea uhuru, wengi wao walikosa ardhi. Kesi yao haijawa ya makavazi tu: mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Kwa lugha ya meza, serikali iliandika uwezo katika karatasi ya kila Talai, kisha ikawaadhibu kwa yale iliyoyaandika yenyewe.

5.0 Uwezo wa wasikilizaji

Fasihi ya Afrika Mashariki imelijibu swali la uwezo kwa njia nyingine. Kazi tatu zatosha kuonyesha hilo.

Ya kwanza ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu vita vya Majimaji. Kinjeketile anapagawa na pepo Hongo, anatoa maji ya kukinga risasi, na makabila yaliyogawanyika yanaungana. Kisha anaanza kulishuku neno lililopita kinywani mwake. Aliyesema kwa ulimi wake aliwaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, na Kinjeketile anang'amua kwamba hiyo ni kubadilisha mtawala mmoja kwa mwingine. Anataka kuwazuia wasiende vitani kabla ya wakati, lakini amekwisha chelewa. Neno limekuwa la watu. Mwishoni Mjerumani anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na hata Kitunda, mwenzake aliyetaka wapiganaji wafunzwe kwanza, anamsihi akubali. Anakataa. Mvutano wa tamthilia hii hautokani na kama maji yana nguvu au hayana. Unatokana na mtu aliyepewa uwezo na wengi na ambaye hawezi kuurudisha peke yake.

Ya pili ni Mashetani ya mtunzi huyohuyo, ya mwaka 1971. Tamthilia hii ni ya karibu zaidi na meza, kwa sababu inaanza na mchezo. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza chini ya mbuyu: Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu. Hawana mtazamaji mwingine. Lakini mchezo haumwachi Kitaru. Anaugua, na tiba ya kisasa inahangaika na ugonjwa wake. Wahakiki wengi wameusoma mchezo huo kama istiara ya ukoloni na ukoloni mamboleo, na usomaji huo una nguvu. Kuna jambo jingine la kuongeza. Juma anatoka katika jamaa iliyopoteza mali na hadhi kwa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na jamaa ya Kitaru ni ya wanaopanda. Nani awe Shetani na nani awe Binadamu si suala la bahati ya dadu. Uhusika umebeba wanayoyajua wachezaji wawili kuhusu wao wenyewe bila kuyatamka, na ndiyo sababu unamng'ang'ania mmoja wao baada ya mchezo.

Ya tatu ni riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ na kutokea kwa Kiingereza mwaka 2006 kwa tafsiri ya mtunzi mwenyewe. Humo msihiri anazaliwa kwa mzaha wa kujiokoa. Kamĩtĩ na Nyawĩra wanawakimbia polisi. Kamĩtĩ anaandika onyo kwamba nyumba ile ni ya mrogi mwenye nguvu za kuangusha ndege kutoka angani, na kulitundika nje. Askari anaogopa na kwenda zake, lakini anarudi kama mteja, akitaka uganga wa kupandishwa cheo. Kamĩtĩ analazimika kuucheza uhusika aliouandika. Chombo chake kikuu ni kioo, na kazi yake kubwa ni kuwafanya wateja waseme wenyewe wanachokitamani. Tajirika anapougua ugonjwa wa kutoweza kutamka ila neno moja la sharti, tiba yake ni kusaidiwa kuimalizia sentensi. Nyawĩra naye anaucheza uhusika huohuo mwenzake asipokuwapo, na unafanya kazi vilevile. Basi uwezo haumo katika mwili wa Kamĩtĩ. Umo katika nafasi ambayo hofu na tamaa za watu zimeitengeneza, na yeyote mwenye akili na huruma aweza kukaa humo.

Katika kazi hizi zote sihiri ni mkataba. Msihiri anasema, mwingine anaitikia, na bila mwitikio hakuna tendo. Umbo hili ni la kale katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Mtegaji husema kitendawili, na haanzi mpaka wengine wamwambie atege. Wakishindwa kutegua, hudai mji. Nao humpa mji, naye huutembelea kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Hakuna aliye na mji wa kugawa wala wa kupokea. Hata hivyo kwa muda huo mfupi aliyepewa ni mwenyeji wa mji huo, kwa sababu waliopo wamekubali.

6.0 Meza ya Sigor

Ichukuliwe, kwa ajili ya hoja tu, kwamba wanafunzi wanne wameketi kuzunguka meza Sigor, na mmoja wao anataka kumwigiza orkoiyot. Kanuni zilizochapishwa zinampa njia mbili. Akifuata ya kitabu, atapata msomi mwenye orodha ya sihiri, na orkoiyot hakuwa msomi wa orodha. Akifuata ya damu, itaelekea kufanana zaidi, kwa kuwa cheo kilifuata ukoo. Lakini hapo atakuwa ameirudia, bila kukusudia, kanuni ya 1934: kwamba Talai ni Talai, ana nguvu akitaka asitake, na mtoto wake pia.

Njia ya tatu ingehitaji karatasi tofauti. Sehemu inayoorodhesha sihiri ingeachwa wazi, na wenzake mezani ndio wangeijaza. Angetoa neno, kwa mfano kwamba msafara usivuke mto kabla ya mwezi kuandama. Mpiganaji angelikubali au angelikataa, na kila kukubali kungekuwa na gharama kwa aliyekubali. Neno likitimia, sauti yake ingeongezeka. Likiwaletea maafa, wangekuwa na haki ya kumwacha, na mwisho wa Kimnyole ungekuwa miongoni mwa yanayowezekana. Dadu ingebaki na kazi yake, lakini isingekuwa ya kupima nguvu za moto. Ingeamua mvua, mto na adui, yaani mambo ambayo msihiri hudai kuyajua na ambayo hayamtii.

Pingamizi mbili zatarajiwa. Ya kwanza ni ya kifundi: kwamba kanuni za hesabu humlinda mchezaji mnyonge, kwa kuwa zinampa msihiri mkimya nguvu sawa na msihiri mwenye ulimi. Pingamizi hii ni ya haki. Uwezo ukiachwa mikononi mwa wasikilizaji, mzungumzaji hodari ataelekea kushinda. Jibu ni kwamba hatari hiyo ndiyo kiini cha uhusika wenyewe. Kinjeketile anaangamia kwa sababu neno lake lilipendeza kupita kiasi. Mchezo unaoificha hatari hiyo humpa kila mtu nafasi sawa kwa kuliondoa jambo lililostahili kuchezwa.

Ya pili ni ya kimaadili: kwamba cheo cha watu waliohamishwa kwa nguvu, na ambao wangali wanadai haki yao, hakifai kuwa mchezo. Hii ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa kwa kusema kuwa ni burudani tu. Mashetani imekwisha onyesha kwamba mchezo hauishii mahali unapokomea. Lakini pingamizi hii inahusu njia ya damu kuliko njia ya wasikilizaji. Anayeuigiza uwezo kama sifa ya ukoo huendeleza dhana iliyotumiwa dhidi ya ukoo huo. Anayeuigiza kama neno linalokubaliwa au kukataliwa na wenzake huirudisha historia mahali ilipopotoshwa. Angefanya vyema kumpa mhusika wake jina na ukoo wa kubuni, kisha akakichukua cheo na mzigo wake.

7.0 Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba swali la nani amempa msihiri uwezo wake ni la kifasihi na la kihistoria kwa wakati mmoja. Mchezo wa mezani ulianza kwa jibu la kitabu na ukaongeza jibu la damu. Jibu la kwanza lina ndugu yake pwani, katika mganga wa kitabu, ingawa limempokonya mteja wake. La pili lina ndugu yake katika sheria ya kikoloni, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusita. Hussein na Ngũgĩ, kila mmoja kwa njia yake, wameuweka uwezo kati ya msemaji na msikilizaji, ambako unaweza kutolewa, kutiliwa shaka na kunyang'anywa.

Wanafunzi wanaofundishwa Kinjeketile au Mashetani wangefaidika kuuigiza uwezo huo mezani kabla ya kuuandikia insha: mmoja atoe neno, wengine waamue kulifuata au la, na wote waandike kwa nini waliamua hivyo. Majibu yao yatawaeleza mengi kuhusu Kinjeketile. Yatawaeleza pia kwa nini haikuwa haki, mwaka 1934, kumpeleka Gwassi mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza.